Basi la masafa marefu ugenini: yale ambayo wenyeji hawakwambii kwa kuwa wanadhani unayajua

Mwenyeji anayepanda basi la safari ya kutwa nzima hana maswali. Anajua linaondokea wapi, linachukua muda gani kujaa, jua litapiga upande gani, abiria watachimba dawa wapi na yeye atashukia wapi. Hakuna ubao uliobandikwa kueleza hayo, maana hakuna anayeyahitaji ila wewe. Hapo ndipo mgeni anapohangaika. Siti ngumu mtu huizoea ndani ya nusu saa. Kinachomtesa ni kwamba taarifa zote ziko vichwani mwa watu na hakuna anayefikiria kuzitamka. Kazi yako ni kuzichomoa huko moja moja, na nyingi uzipate kabla hujalipa nauli.

Swali la kwanza ni la stendi, na wengi huliuliza vibaya. Usiulize "stendi iko wapi?" Uliza "basi la kwenda mji fulani linaondokea wapi?" Miji mikubwa mingi ina stendi zaidi ya moja, zimegawanywa kwa uelekeo. Mexico City ina nne kubwa: ya kaskazini, ya mashariki inayoitwa TAPO, ya kusini Tasqueña na ya magharibi Observatorio. Bangkok anayekwenda kaskazini huenda Mo Chit, wa mashariki Ekkamai, wa kusini Sai Tai Mai. Dereva wa teksi ukimwambia "stendi" tu atakupeleka ile iliyo karibu au anayoizoea, na kutoka stendi moja hadi nyingine kwenye foleni ya asubuhi ni saa nzima ya kuuma meno. Juu ya hizo kuna makampuni yanayopakia kwenye yadi zao wenyewe, mbali kabisa na stendi ya umma. Tiketi yako iwe na jina la mahali pa kuondokea. Kama halimo, mwombe mkata tiketi aliandike kwa mkono wake nyuma ya tiketi, kwa maandishi ya kwao, hata kama wewe huyasomi. Atakayeyasoma ni dereva wa teksi.

Andika vivyo hivyo jina la mji unaokwenda, na jina la mji ambao basi linaishia. Haya ni mambo mawili tofauti. Kibao cha mbele ya basi hutaja mwisho wa safari. Kama wewe unashukia katikati, hutaona jina la mji wako popote, na basi lako litapita mbele ya pua yako ukiwa umesimama na tiketi mkononi.

Kisha saa. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe: tiketi iliyoandikwa 06:00 ni ya saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu analijua hilo akiwa ametulia, lakini usiku wa manane, umechoka, unaiwekea simu alamu, kichwa husoma "sita" kikasema saa sita. Ethiopia mambo ni kinyume, huko wanahesabu kama sisi, kwa hiyo uliza kama saa waliyokuandikia ni ya kwao au ya kimataifa. Na ipo saa inayowaacha watu wengi kuliko zote, ile ya baada ya saa sita usiku. Tiketi ya tarehe 14, saa 00:15, ni usiku wa kuamkia tarehe 14. Ukifika stendi na mabegi yako usiku wa tarehe 14, basi limeondoka tangu jana yake, na nauli hairudi. Kiswahili kinakusaidia hapa kuliko lugha nyingi, kwa kuwa "usiku wa kuamkia" hauna utata. Itafsiri kila tiketi ya usiku kwa maneno hayo kabla ya kuitia mfukoni.

Kalenda nayo hupoteza watu. Thailand mwaka 2025 huandikwa 2568. Nepal wana kalenda yao iliyotangulia ya kimataifa kwa miaka 56 hadi 57, na miezi yao haianzi siku moja na ya kwako. Ethiopia mwaka una miezi 13 na uko nyuma kwa miaka saba au minane. Marekani huandika mwezi kwanza, siku baadaye. Dawa yake ni kutaja siku ya wiki, maana Ijumaa ni Ijumaa kote. Na ukivuka mpaka, saa inaweza kusogea hata kwa vipande: Nepal iko mbele ya India kwa dakika 15, kiasi kinachotosha kabisa kukukosesha basi la kuunganisha.

Sasa, basi lenyewe ni la aina gani? Yapo ya ratiba na yapo ya kujaa. La ratiba huondoka saa yake hata likiwa na abiria sita. La kujaa huondoka likijaa, na saa atakayokutajia mpiga debe ni ya kukuingiza ndani tu. Injini kuunguruma si dalili ya kuondoka, wala dereva kukaa kwenye usukani akipiga honi, wala basi kusogea mita kumi mbele na kurudi nyuma. Hayo ni maigizo. Dalili ni hesabu ya siti. Basi la mita 12 lenye siti mbili kwa mbili huchukua kiasi cha abiria 49 hadi 53. La tatu kwa mbili hupita 60. Ingia ndani, hesabu vichwa, na usihesabu vijana waliokaa bila mzigo wowote: mara nyingi wamewekwa ili basi lionekane limekaribia kujaa, nao hushuka mmoja mmoja abiria wa kweli wakipanda. Likiwa limejaa nusu, chukulia saa moja au mbili za kusubiri kwenye njia yenye watu, zaidi kwenye njia kavu. Swali zuri kwa konda ni "zimebaki siti ngapi?" Jibu lake unaweza kulihakiki kwa macho.

Tiketi ikatwe dirishani au kwa konda aliye ndani ya basi lenyewe, si kwa mtu aliyekufuata kutoka getini. Isome kabla hujaondoka hapo: jina la kampuni, tarehe, saa, namba ya siti, kiasi ulicholipa, mahali pa kushukia, na namba za usajili za gari kama wanaziandika. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, maana katika nchi nyingi orodha ya abiria hukaguliwa njiani na askari hulinganisha. Halafu ipige picha. Karatasi za mashine ndogo za tiketi hufutika zikikaa mfukoni kwenye jasho, na utaihitaji tiketi basi likiharibika.

Kuhusu siti, hapa watu huchagua dirisha na kuona wamemaliza. Dirisha ni jambo la pili. La kwanza ni umbali wako na ekseli, yaani vyuma vinavyoshika tairi za mbele na za nyuma. Basi ni kama ubao ulioegeshwa juu ya mihimili miwili: aliye kati ya mihimili hutikisika kidogo, aliye nje yake hurushwa. Kwenye basi kubwa sehemu ya nyuma hutokeza karibu mita tatu kupita tairi za nyuma, kwa hiyo kila tuta humnyanyua wa mstari wa mwisho kuliko mtu mwingine yeyote. Mstari huo pia mara nyingi haulali, na chini yake ndipo ilipo injini katika mabasi mengi ya kisasa, hivyo joto na harufu ya dizeli ni vyako mpaka mwisho wa safari. Mstari wa mbele kabisa una mandhari mazuri na magoti yaliyobanwa kwenye ukuta wa dereva; basi likigonga, ndio wa kwanza kuumia. Siti iliyo juu ya tairi haina pa kuweka miguu, na utaijua kwa kibonge kinachopanda kutoka sakafuni. Iliyo karibu na mlango hupigwa na baridi au vumbi kila unapofunguliwa. Zinazobaki ni mstari wa tatu hadi wa tano, sita ukipenda, kabla ya kufika tairi za nyuma. Hizo ndizo za kuomba.

Kisha jua. Saa sita za jua kwenye kioo kisicho na pazia humaliza nguvu kuliko barabara mbovu. Ukienda kaskazini, asubuhi jua liko kuliani na jioni liko kushotoni. Ukienda kusini ni kinyume. Safari ya mashariki au magharibi inategemea uko wapi duniani. Kaskazini ya Tropiki ya Kansa, mpaka wa kaskazini wa ukanda wa joto, jua la mchana daima liko kusini: ukielekea mashariki litakupiga kulia, basi kaa kushoto. Kusini ya Tropiki ya Kaprikoni, mpaka wa kusini wa ukanda huo, geuza. Katikati ya hizo mbili, karibu na ikweta, Juni jua liko upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini. Dakika moja ya kufikiri mbele ya dirisha la tiketi na umejipatia kivuli cha kutwa. Anayetaka kutazama mabonde kwenye njia ya mlimani akumbuke pia kwamba nchi inayoendesha kushoto, abiria wa kushoto wako ukingoni na wa kulia wanatazamana na magari yanayokuja. Kama urefu unakutisha, sasa unajua pa kutokaa.

Kwa muda wa safari usiamini simu. Ramani ya simu hupiga hesabu ya gari dogo lisilosimama. Kwenye lami, basi la wenyeji linalobeba na kushusha njiani, gawanya kilomita kwa 50. Kwenye vumbi au kona za mlima gawanya kwa 25. Kilomita 400 za lami ni saa nane, sio tano na nusu. Hesabu hii ndiyo itakayokuonyesha kwamba basi la saa nne asubuhi litakufikisha gizani, na pengine uchukue la alfajiri.

Tufike kwenye mzigo, maana hapa ndipo penye hasara kubwa.

Gawanya vitu vyako mara mbili kabla ya kufika stendi. Begi kubwa, la kuwekwa kwenye buti, yaani stoo ya mizigo chini ya basi, liwe na vitu ambavyo ukivipoteza utalia siku moja tu. Pasipoti, fedha, dawa, simu, pawabenki, kompyuta, miwani, nguo moja ya baridi na karatasi ya choo viwe kwenye begi dogo la lita 20 hivi, linaloweza kukaa mapajani. Begi dogo lisiende kwenye rafu ya juu, na lisiende chini ya siti yako, kwa kuwa aliye nyuma hulifikia kwa mkono bila hata kuinama. Weka mbele ya miguu, mkanda wake mmoja umeuzungushia mguu juu ya goti. Ukilala, atakayelivuta atakuamsha.

Begi kubwa likiingia butini, uombe kipande cha namba: nusu kwenye begi, nusu kwako. Kama hawana utaratibu huo, lipige picha likiwa ndani ya buti, pamoja na mlango wa buti wenyewe, ujue ni wa ngapi kutoka mbele na upande gani. Mwambie anayepakia mahali unaposhukia. Si adabu tu. Mizigo hupangwa kwa mashukio, wa mwisho kushuka husukumwa ndani kabisa. Ukikaa kimya, utashuka mahali ambapo basi linasimama dakika mbili, huku begi lako liko chini ya magunia ya watu wa mwisho wa njia. Konda atakayelazimika kupakua nusu ya buti gizani hatakuwa rafiki yako.

Ndani ya begi kubwa tandika mfuko mzito wa nailoni kabla ya kupanga nguo. Milango ya buti ina mpira wa kuziba kingo, na kwenye mabasi yaliyozeeka mpira huo umekauka au haupo. Njia ya vumbi huujaza buti poda laini kama unga, na mvua huingiza tope kutoka kwenye tairi. Kuna pia samaki, mafuta na kuku wa abiria wengine. Mzigo ukipandishwa kwenye keria juu ya paa, funika, kisha funga au kata kila mkanda unaoning'inia: mkanda mrefu kwenye upepo wa kilomita 80 kwa saa hujipiga mpaka unachanika, au hunasa kwenye tawi.

Basi likisimama, tupia jicho upande wa buti yako. Wezi wa mizigo hawahitaji ufundi, wanahitaji tu kituo chenye watu wengi na konda aliyetingwa.

Kabla ya kupanda zunguka basi mara moja, kama mtu anayenyoosha miguu. Angalia tairi za mbele. Za nyuma ziko nne kwa ekseli na moja ikipasuka nyingine hubeba. Ya mbele ikipasuka, usukani unavutwa upande mmoja. Ndiyo maana Marekani sheria inakataza tairi zilizovalishwa ngozi mpya kwenye magurudumu ya mbele ya basi. Tairi ya namna hiyo utaitambua kwa mshono unaoizunguka pale ngozi inapokutana na ubavu. Ikiwa mbele imechakaa mpaka imekuwa laini kama kichwa cha mzee, au nyuzi zinaonekana, tafuta basi jingine. Hapo sina mjadala. Ukiwa ndani, angalia kama mkanda wa siti unafunga, dirisha la dharura liko wapi na kama linafunguka au limezibwa kwa nondo, na kinyundo cha kuvunjia kioo kama kipo au kimebaki kishikizo chake tu.

Je, usafiri usiku? Basi la usiku linakuokolea siku na chumba cha kulala, na kwa sababu hiyo wageni hulipenda. Mimi nasema mchana kila unapoweza. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri mwili wa binadamu unadai usingizi hata ukiwa umelala mchana, na mwili wa dereva ni kama mingine. Kama ni lazima usiku, uliza swali moja: madereva ni wawili? Umoja wa Ulaya sheria humtaka dereva apumzike dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na kwa siku asizidi saa tisa, zinazoweza kufika kumi mara mbili tu kwa wiki. Tumia kipimo hicho hata pale ambapo hakuna anayekifuata. Safari ya saa kumi na nne na dereva mmoja haifai, kwa nauli yoyote ile. Kwenye basi la vitanda, lala miguu ikielekea mbele, ili breki ya ghafla isukume miguu na si shingo.

Basi la usiku lenye kiyoyozi ni friji. Kiyoyozi kwenye mabasi mengi hakina pa kupunguzia kwa abiria. Unaweza kufunga kitundu kilicho juu yako, basi. Jaketi na soksi viwe kwenye begi dogo, maana buti halifunguliwi njiani.

Maji ni suala la hesabu. Ukinywa chupa nzima asubuhi utateseka. Usipokunywa kabisa utashuka na kichwa kinachogonga. Mafunda machache kila nusu saa, jumla kikombe kidogo kwa saa, yanatosha kwa hali ya hewa ya kawaida. Choo cha ndani ya basi, kama kipo, mara nyingi ni cha haja ndogo tu, na mara nyingi zaidi kimefungwa kikageuzwa stoo ya mizigo. Uliza kabla ya kuondoka: "tutasimama wapi kwa mara ya kwanza, baada ya saa ngapi?" Muda wa kawaida kati ya kusimama mara moja na nyingine ni saa tatu hadi nne za safari. Porini hakuna choo, kuna kichaka, na shuka jepesi la kujifunga linampa mwanamke faragha ambayo kichaka chembamba hakimpi. Beba karatasi, sarafu za getini na sabuni kipande. Ukibanwa kabla ya kituo, mfuate konda mapema; dereva anahitaji kilomita kadhaa kupata mahali salama pa kuegesha.

Kusimama huko ndiko kunakoacha wageni. Konda anatangaza mara moja, kwa lugha yake, kwa kasi: dakika kumi, au ishirini, au "twende mbio". Usikisie. Mwonyeshe saa ya simu na umruhusu aguse dakika. Piga picha mbele ya basi, ionekane rangi na namba za usajili, kwa sababu utakaporudi utakuta manne ya kampuni hiyo hiyo yamepangana. Basi pia linaweza kuhama: linakwenda kujaza mafuta au kuoshwa kioo wakati abiria wanakula, na mgeni anatoka kukuta nafasi tupu. Tazama wenzako kabla ya kuanza kukimbia. Kama yule mama wa siti ya pili bado anakula, basi halijaondoka. Chagua mtu mmoja wa karibu tangu mwanzo, jirani wa siti akiwa ndiye, umwonyeshe tiketi yako na mahali unapokwenda. Konda huhesabu vichwa pengine; jirani anaona siti tupu bila kuhesabu, naye ndiye atakayepaza sauti. Na kila unaposhuka, shuka na begi dogo. Kila mara.

Jirani huyo huyo akikupa kinywaji kilichokwisha kufunguliwa, kataa kwa upole ukisema tumbo linakusumbua. Watu wengi ni wema, ila kuna njia ambazo wezi hutumia dawa ya usingizi, na mtu akilewa dawa hiyo hana cha kujieleza akizinduka.

Wanaotapika safarini wameze dawa mapema: dimenhidrinati, miligramu 50 kwa mtu mzima, nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Ukiimeza baada ya kichefuchefu kuanza umechelewa. Inaleta usingizi, kwa hiyo mkanda wa begi ubaki mguuni. Kaa mbele, tazama mbali, usisome simu, na mfuko wa rambo uwe mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, uliokwisha kuupuliza nyumbani kuona kama hautoboki.

Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonyesha kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi huongeza takribani mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Bado ni jambo la nadra, kiasi cha mtu mmoja kati ya 6,000, lakini kinga yake ni bure: zungusha vifundo, kanyaga kwa visigino na vidole kwa zamu, na usikose kushuka basi linaposimama.

Njia za milimani zina lao. Kutoka Lima, mji mkuu wa Peru ulioko pwani, barabara ya kwenda Huancayo hupanda mpaka Ticlio, mita 4,818 juu ya bahari, ndani ya saa chache tu. Mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, na abiria mgeni anadhani ni chakula, kumbe ni hewa nyepesi ya mlimani. Kwa njia kama hizo muulize daktari kuhusu asetazolamidi, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, ambayo kwa kawaida huanzwa siku moja kabla, miligramu 125 mara mbili kwa siku, na mtaje kama una mzio wa dawa za salfa. Kalamu na chupa za losheni zitavimba na kuvuja. Zifungue kidogo zipumue ukiwa juu.

Mpakani, pasipoti yenyewe iwe mfukoni, si nakala. Utaratibu wa mpaka wa nchi kavu una hatua mbili, na watu hukosea kwa kuruka ya kwanza: unagongewa muhuri wa kutoka, unatembea, unagongewa muhuri wa kuingia. Basi linavuka kivyake upande wa magari, wewe unavuka kwa miguu. Ukifuata kundi la wenyeji wanaopita kwa kitambulisho, unaweza kujikuta upande wa pili bila muhuri wa kutoka, ukarudishwa, na basi likaondoka. Kabla ya kuliacha dirisha la uhamiaji soma muhuri: tarehe na idadi ya siku. Kosa likigundulika hapo hapo linafutwa kwa dakika mbili. Likigundulika unapotoka nchini linakuwa faini. Kadi ya homa ya manjano huanza kukubalika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, kwa hiyo usikubali kuambiwa imeisha muda kwa kuwa imepita miaka kumi. Muulize konda mapema kama mizigo ya buti inashushwa kukaguliwa, na uchukue namba yake ya simu. Foleni ya wageni ni ndefu kuliko ya wenyeji, na abiria hamsini hawatapenda kumsubiri mmoja.

Basi likiharibika, nusu saa ya kwanza ndiyo ya kujua lipi ni lipi. Pancha ni dakika thelathini hadi saa moja, kutegemea jeki. Injini iliyochemka kwenye mlima itapoa, ikaongezwa maji, na safari itaendelea polepole. Lakini klachi, giaboksi au mkanda wa injini uliokatika bila wa akiba, hapo siku imekwisha. Tazama madereva: wakiwa chini ya gari wanafanya kazi, subiri; wakianza kupiga simu na kutafuta kivuli, basi jingine linahitajika. Usisimame nyuma ya gari lililoharibika wala upande wa barabara. Panda juu ya ukingo, mbali na lami. Uliza kama nauli ya basi la kukuchukua inalipwa na kampuni, na kama si hivyo, dai chenji ya kipande kilichobaki ukiwa na tiketi mkononi. Mizigo ikihamishwa, simama kati ya mabuti mawili uone begi lako likitoka hapa na kuingia pale. Ulaya haki hizi zimeandikwa: kwa safari ya kilomita 250 au zaidi, basi likichelewa kuondoka zaidi ya dakika 120, abiria huchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa njia nyingine.

Mwisho wa safari nao huandaliwa mwanzoni. Uliza: "basi linaingia mjini au linapita barabara kuu?" Mabasi yanayokwenda mbali hupita nje ya miji midogo na kukushusha njia panda, kilomita tano au kumi kutoka mjini, saa yoyote ile. Ramani ya eneo uishushe kwenye simu ukiwa bado na intaneti. GPS haihitaji mtandao wala laini, na kile kidoti cha buluu kitakuonyesha kama umebakiza kilomita thelathini au umepitiliza. Mkumbushe konda zikiwa zimebaki kama ishirini, vaa viatu, piga tochi chini ya siti na kwenye mfuko ulio mbele yako, ambamo simu na miwani hubaki. Ukifika stendi usiku, kaa ndani yake penye taa mpaka kuche badala ya kutoka na begi kuitafuta nyumba ya wageni.

Kama unasafiri na mwenzako, mmoja abaki mlangoni mguu ukiwa kwenye ngazi, mwingine aende butini. Kama uko peke yako, usimtangulie konda kushuka. Mwache ashuke yeye, umfuate, mwende pamoja. Dereva haoni buti yote kwenye kioo chake. Anachosubiri ni ule mkono unaopiga bodi mara mbili, pa pa, na mkono huo ni wa konda.